Jina Kwenye Kona ya Ramani

Nelima aliutambua mwandiko kabla hajasoma neno hata moja.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi, mwezi wa Machi mwaka wa themanini na tisa, na chumba cha chini cha baraza la mji kilikuwa bado kinanuka maji ya deki. Karani alikuwa ameitandaza ramani juu ya meza ndefu, akazikandamiza kona zake kwa stepla mbili na kikombe. Tangazo lililobandikwa mlangoni lilisema kwamba yeyote mwenye pingamizi dhidi ya godauni litakalojengwa alikuwa na haki ya kuiangalia ramani ile kabla ya kikao cha Alhamisi, na Nelima alikuwa na pingamizi. Alikuwa nalo kwa niaba ya watu mia nne na kumi na wawili waliotia sahihi, na wengine waliotia kidole gumba, kwenye karatasi alizozibeba ndani ya mfuko wa nguo aliokuwa ameushona mwenyewe.

"Angalieni tu," karani alisema. "Msiguse na kalamu."

Rafiki yake Aoko, aliyekuwa akiuza mitumba soko la Kibuye, alikuwa tayari ameinama juu ya karatasi huku amefumba jicho moja kama fundi wa saa. Nelima hakuinama. Alisimama tu, mkono kifuani, akiyatazama maji ya ziwa yaliyochorwa upande wa kushoto. Mchoraji alikuwa ameyachora kwa mistari midogo iliyopinda, mamia kwa mamia, mmoja mmoja, kwa subira ambayo hakuna mtu angeitumia kwenye ramani ya godauni. Na zile herufi zilizolala kidogo upande wa kulia, kama watu wanaotembea dhidi ya upepo! Alikuwa na barua kumi na moja za herufi zile, amezificha ndani ya droo ya cherehani yake, chini ya vifungo na chaki.

"Nelima," Aoko alisema polepole. "Hapa kwenye kona kumeandikwa jina."

"Nimeona."

"Imechorwa na Z. Ogola. Si hiyo ni jina ya..."

"Nyamaza, Aoko."

"Nimenyamaza. Lakini si ni yeye?"

Ni yeye. Na katikati ya ramani, palepale ambapo kwa miaka minne Nelima alikuwa akiteleza kwa viatu vya magurudumu kila jioni ya Jumatano na Jumamosi, Zadock Ogola alikuwa ameandika kwa mwandiko wake mzuri: KIWANJA KITUPU. HAKITUMIKI.

*

Vijana wa mitaa ya Nyalenda na Manyatta walipaita mahali pale Simiti, kwa sababu hapakuwa na jina jingine lililofaa. Ilikuwa sakafu kubwa ya zege kando ya ziwa, iliyojengwa zamani na klabu ya Wahindi kwa ajili ya kuteleza kwa viatu vya magurudumu. Wenye klabu walihama zamani, jengo likabomoka paa, lakini sakafu ilibaki laini kama kiganja, na ukingo wake ulipanda juu kidogo pande zote, kama mdomo wa bakuli. Mwaka wa themanini na tano Aoko alifungua robota la mitumba akakuta humo jozi tatu za viatu vya magurudumu. Hakuna mteja aliyevitaka. Akampelekea Nelima jozi moja kwa utani tu. Baadaye wavulana wakaanza kutengeneza vibao vyao wenyewe, mbao zilizofungiwa beringi za gari chini, na jioni Simiti ikawa inanguruma kama kinu cha unga.

Nelima alikuwa ametoka Bungoma akiwa na miaka kumi na tisa, kuja kushona sare za shule kwenye baraza la duka la Mama Perez. Mchana kutwa aliinama. Shingo iliuma, macho yaliuma. Lakini akishavaa vile viatu na kujisukuma mara mbili, mwili wote ulisahau uzito wake. Ziwa lilimpita upande mmoja likimetameta, mafunjo yakampita, anga likampita, na alihisi kwamba kama angefumba macho na kunyoosha mikono, hakuna mtu duniani ambaye angeweza kumwambia aketi.

Ni hapo Zadock alipomkuta. Alasiri moja ya Januari mwaka huu wa themanini na tisa, jua likiwa bado kali, kijana mrefu mwenye kofia ya nyasi alikuja na tepu ndefu ya kupimia na daftari ndogo mfukoni. Alisimama ukingoni akiwatazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akamwita.

"Dada, samahani. Unaweza kunishikia hapa?"

Nelima aliishika ncha ya ile tepu. Na badala ya kusimama kama mtu wa kawaida, alianza kuteleza kinyumenyume, polepole, akimwangalia, huku tepu ya manjano ikijifungua kati yao mita baada ya mita, hadi sauti ya yule kijana ikawa mbali na macho yake tu ndiyo yamebaki karibu.

"Unapima nini?" alimwuliza kwa sauti ya juu.

Zadock alikawia. Kisha akatabasamu, tabasamu la upande mmoja ambalo lingemkosesha Nelima usingizi kwa miezi miwili.

"Napima umbali kati yangu na wewe."

Vijana wa Simiti walipiga kelele na miluzi. Nelima alicheka mpaka nusura aanguke. Alidhani ni utani wa mtu aliyependa, na hakuuliza tena ile tepu ilikuwa ya nini.

*

Jumamosi saa kumi Zadock alikuja Simiti kama kawaida. Alikuwa amevaa shati la samawati lililopigwa pasi, na mkononi alikuwa na mahindi mawili ya kuchoma yaliyofungwa kwa maganda yake. Nelima alimwona tangu alipovuka reli. Moyo wake, ambao alikuwa ameuonya usiku kucha na asubuhi yote, ulimkimbilia yule mtu bila aibu.

Alikuwa ameketi ukingoni, viatu vya magurudumu miguuni, havijafungwa kamba. Hakuinuka.

"Leo huchezi?" Zadock aliuliza, akimnyooshea hindi.

"Ijumaa nilienda baraza la mji."

Mkono wa Zadock ulibaki hewani. Halafu ukashuka.

"Umeiona," alisema.

"Nimeiona. Maji umeyachora vizuri sana."

"Nelima..."

"Kweli kabisa. Aoko pia alisema. Mtu aliyechora maji hivi, alisema, ana moyo. Kisha tukasoma pale katikati."

Zadock aliketi, si karibu naye, akaweka yale mahindi chini kati yao. Upande wa pili wa sakafu vibao vilinguruma, msichana mmoja akaanguka, wenzake wakacheka. Ziwani, mashua ya injini ilikatiza kuelekea Dunga, ikiacha nyuma yake mkunjo mmoja mrefu uliochukua muda mrefu kufika ukingoni.

"Siku ile ya kwanza sikukujua," Zadock alisema. "Nilitumwa kupima kiwanja. Ningekwambia nini? Kwamba napimia godauni?"

"Ungesema hivyo hivyo."

"Ulikuwa unacheka."

"Ndiyo sababu? Kwamba nilikuwa nacheka?"

"Nelima, nilikuwa sijawahi kuona mtu akicheka namna ile. Nikaogopa kuondoa kicheko chenyewe."

Alimtazama basi, na lile lilikuwa kosa. Macho ya Zadock yalikuwa na wekundu, kama ya mtu aliyefanya kazi karibu na moshi. Nelima alihamisha yake haraka kwenye kamba za viatu.

"Mimi ndiye niliyekushikia tepu," alisema taratibu. "Unajua hilo? Nilizunguka sakafu yote nikikushikia. Pembe hii, pembe ile. Kila namba kwenye ile ramani niliishika kwa mkono wangu mwenyewe, na nilikuwa nafurahi. Uliniambia unapima umbali kati yangu na wewe."

"Hata hilo lilikuwa kweli."

"Usinichezee maneno, Zadock."

"Sichezi. Siku ya pili nilikuja bila tepu. Umesahau? Siku ya tatu pia. Hakuna aliyenituma."

"Sijasahau. Sasa nijibu kitu kimoja tu. Yale maneno, kitupu, hakitumiki, uliyaandika siku gani?"

Zadock aligeukia ziwa. Ndege mmoja mweusi na mweupe alikuwa akipepea papo hapo juu ya maji, kisha akajitupa chini kama jiwe.

"Februari," alisema hatimaye. "Tarehe kumi na saba."

Nelima alihesabu kichwani, na kila siku aliyoihesabu ilikuwa na kitu ndani yake. Tarehe kumi na nne walikuwa wamekula samaki pamoja kule ufukoni, kwa mikono, sahani moja. Tarehe kumi na sita alikuwa ameketi hapahapa, kichwa chake begani kwa mwanamume huyu, wakitazama jua likiingia majini bila kusema lolote.

"Kesho yake," alisema. "Ulinisindikiza nyumbani jioni, ukalala, ukaamka, ukanywa chai, ukaenda kuandika kwamba hapa hakuna mtu."

"Baba mdogo alisimama nyuma yangu. Alisema, andika hivyo ama uweke kalamu mezani. Unajua ni yeye aliyeniingiza ile ofisi. Unajua baba yangu alikufa nikiwa darasa la sita, na dada zangu wawili bado wako shule. Mama amesimama jua la Manyatta miaka kumi na tano akiuza samaki wa omena ili mimi nishike ile kalamu. Ningefanya nini?"

"Sijui ungefanya nini."

"Hata wewe hujui."

"Lakini mimi ningekwambia!" Sauti yake ilipanda, na wavulana wawili wakageuka. Akaishusha. "Ningekuja hapa nikakwambia, Zadock, wamenilazimisha, nimefanya kitu kibaya. Ningelia mbele yako. Wewe uliniona nikizunguka na makaratasi kila nyumba ya Nyalenda. Uliniona kwenye foleni ya maji nikiwashika akina mama vidole niwapake wino. Ukanibebea chupa ya wino! Ulijua, na ukanibebea wino."

Zadock aliinamisha kichwa. Alikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na saba, na mabega yake yalikuwa yameanguka kama nguo iliyotundikwa vibaya.

"Mama yangu akija kutoka Bungoma," Nelima aliendelea, na sasa machozi yalikuwa yamefika, "nilikuwa nimejiandaa kugombana naye. Alishaniuliza kwenye barua, Mjaluo? Wamekwisha vijana wa kwetu walioingia mtoni wakatahiriwa, unatuletea huyo? Na mimi nikamjibu kurasa nne, nikimweleza kwamba huyu ni mtu wa kweli. Niliandika hivyo. Mtu wa kweli."

"Usinifukuze, Nelima."

"Alhamisi tunaenda kikaoni saa nne. Usije. Sitaki kukuona umeketi upande ule na baba yako mdogo. Nikikuona pale nitasahau cha kusema."

Akafunga kamba za viatu, akasimama, akajisukuma. Alizunguka mara moja, mara mbili, mara kumi. Mawingu mazito yalikuwa yamejikusanya juu ya milima ya Nandi, na upepo wa mvua ulifika kwanza, baridi na wenye harufu ya udongo, ukaingia kwenye nguo yake. Aliacha machozi yakauke yenyewe. Kila alipopita upande ule alijiapiza hatamtazama, na kila alipopita alimtazama. Katika mzunguko wa kumi na moja hakuwepo tena. Mahindi yalikuwa bado pale, maganda yakicheza kwa upepo.

*

Siku nne zilizofuata alishona kama mtu aliye chini ya maji. Mama Perez alimkabidhi kola, akapokea kola, bila maswali. Jumapili kanisani aliimba wimbo mzima akagundua hajui ni upi. Jioni alizunguka na Aoko mpaka Obunga, nyumba kwa nyumba, wakapata sahihi nyingine sitini.

Jumanne, akiwa peke yake kwenye baraza la duka, alifungua ile droo akasoma barua ya kwanza mpaka ya kumi na moja. Alikuwa akitafuta uongo. Alitaka aupate mmoja tu, ulio wazi, ili achome zote. Zadock alikuwa ameandika kuhusu mvua, kuhusu dada zake, kuhusu namna ziwa linavyobadilika rangi mara saba kabla ya saa sita mchana, alikuwa amehesabu. Katika barua ya tisa, iliyoandikwa mwishoni mwa Februari, kulikuwa na mstari uliokatwa kwa kalamu mara nyingi mpaka karatasi ikatoboka. Aliiinua juani, akajaribu kusoma kilichokuwa chini yake. Hakikusomeka. Alikaa nayo mapajani kwa muda mrefu, akipitisha kidole juu ya lile tundu.

*

Alhamisi saa nne ukumbi wa baraza ulikuwa umejaa. Wanawake wa samaki walikuja na aproni zao. Vijana wa Simiti waliketi sakafuni, vibao vikiwa vimelazwa chini ya viti ili mtu asivikanyage. Mwenyekiti wa kamati, mwanamume mnene mwenye miwani na kikohozi, aligonga meza mara mbili.

Bwana Opiyo, baba mdogo wa Zadock, ndiye aliyesema kwanza, kwa niaba ya ofisi ya wachoraji na tajiri aliyetaka kujenga. Alisema vizuri. Alizungumzia kazi kwa vijana, mizigo, samaki watakaohifadhiwa wasioze. Kisha akaigonga ramani kwa kidole.

"Na hatumwondoi mtu yeyote, Bwana Mwenyekiti. Kiwanja chenyewe ni kitupu. Hakitumiki."

Ukumbi ukaguna. Nelima akainuka na mfuko wake wa karatasi.

"Mzee, mimi naitwa Jentrix Nelima. Ni fundi wa nguo. Sikusoma sana na sijui kusoma ramani vizuri. Lakini hapo panapoitwa patupu, mimi huwa hapo kila Jumatano na Jumamosi. Huyu Aoko huwa hapo. Hawa wote huwa hapo. Sisi hatuna uwanja mwingine. Kule tunakokaa ukinyoosha mikono miwili unagusa nyumba mbili. Pale tu ndipo mtu anaweza kukimbia bila kugonga kitu. Hatuombi kujengewa. Tunaomba tuachiwe."

Mwenyekiti alizipindua zile karatasi, akatazama vidole gumba vya buluu, ukurasa baada ya ukurasa.

"Binti, hizi ni nyingi, nakubali," alisema. "Lakini mtu anaweza kutia sahihi chochote. Hii hapa ni ramani ya kitaalamu. Imepimwa. Mtaalamu anasema hakuna anayepatumia. Sasa niamini nani?"

Nelima alizitazama zile herufi zilizolala upande wa kulia.

"Mimi ndiye niliyepima."

Sauti ilitoka nyuma, karibu na mlango. Hakuhitaji kugeuka. Mwili wake wote uliijua.

Zadock alipita katikati ya watu. Alikuwa na lile shati la samawati, sasa limekunjamana, na mkononi alikuwa na daftari yake ndogo.

"Zadock," Bwana Opiyo alisema kwa upole, upole wa kutisha. "Keti."

"Nitaketi, baba, nikimaliza." Akamgeukia mwenyekiti. "Mzee, hii ni daftari yangu ya kazi. Vipimo vyote viko humu, na ni sahihi. Lakini ukitazama ukurasa huu, tarehe kumi na nane Januari, nimeandika: watu ishirini na sita kwenye sakafu, nimewaomba wanipishe. Niliwahesabu. Neno lililo kwenye ramani si kweli. Niliandika mimi, kwa mkono wangu, nikijua si kweli."

"Uliambiwa uandike?" mwenyekiti aliuliza.

Zadock alimtazama baba yake mdogo.

"Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, mzee," alisema.

Mwenyekiti aliivuta ile daftari karibu na miwani yake. Alisoma kwa muda mrefu sana. Kisha wanakamati wakainuka, wakaingia chumba cha ndani, na mlango ukafungwa.

Waliporudi ilikuwa saa saba kasoro robo. Uamuzi ulikuwa mfupi. Jengo la zamani la klabu na miti iliyo nyuma yake angepewa tajiri, ajenge godauni dogo upande wa barabara. Sakafu yenyewe isiguswe. Iandikwe kwenye vitabu vya baraza kuwa uwanja wa kuchezea.

Kwa sekunde moja hakuna aliyeelewa kama wameshinda. Kisha Aoko akapiga kigelegele, na ukumbi wote ukalipuka. Nelima alikumbatiwa na watu asiowajua, aproni za samaki zikamlowesha mashavu. Alifikiria ile miti, kivuli walimokuwa wakivulia viatu, na akajua itamwuma kesho. Leo alikuwa akitafuta shati la samawati.

*

Alilipata nje, kwenye ngazi, lakini halikuwa peke yake. Bwana Opiyo alikuwa akishuka bila kugeuka.

"Kesho usije ofisini," alisema, kwa sauti ya mtu anayesema kwaheri. "Vitu vyako nitampa mama yako."

Na mama mwenyewe alikuwa pale, mwanamke mfupi mwenye leso iliyofungwa kwa nguvu, mikono kiunoni. Alimtazama mwanawe, kisha akamwona Nelima mlangoni, na macho yake yakamshuka kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Ni wewe yule wa magurudumu?"

"Ni mimi, mama. Naitwa Nelima."

"Mimi Mama Dorca. Huyu ni mtoto yangu wa kwanza. Hiyo kazi alipata kwa shida, na leo imeisha. Sababu yako."

"Mama," Zadock alianza.

"Wewe nyamaza, *wuoda*, mwanangu, umeshaongea ya kutosha huko ndani."

Nelima alishuka ngazi mbili, akasimama chini yake kidogo, kama inavyofaa mbele ya mzazi.

"Mama, sikumwambia aseme. Nilimwambia asije kabisa."

"Ulimwambia asije?"

"Ndiyo, mama. Tuligombana. Nilimfukuza."

Mama Dorca aliigeuza ile habari kinywani kama mfupa wa samaki.

"*Yawa*," alimaka mwishowe. "Basi hakuitwa, na amekuja kuharibu maisha yake mwenyewe mbele ya watu." Akashusha pumzi. "Baba yake alikuwa hivyo. Mtu wa kichwa gumu." Akaikaza leso. "Mimi sijasema kitu, msichana. Bado nimekasirika. Lakini Jumapili uje Manyatta nikuone ukiwa umeketi. Hapa nimekuona umesimama tu."

Akaondoka, akimwacha mwanawe kwenye ngazi kama mzigo ambao atakuja kuuchukua baadaye.

*

Walitembea hadi Simiti bila kugusana. Vijana walikuwa wametangulia, na kelele za vibao zilisikika tangu kwenye reli. Mvua ya asubuhi ilikuwa imeacha utando mwembamba wa maji juu ya zege, na anga lote lilikuwa limelala humo, mawingu yakielea chini ya miguu ya watu.

Waliketi ukingoni. Safari hii Zadock alingoja aone Nelima ataketi wapi, ndipo akaketi, akiacha nafasi ya mtu mmoja.

"Barua ya tisa," Nelima alisema. "Ulikata mstari mpaka karatasi ikatoboka. Ulikuwa umeandika nini?"

"Nilikuwa nimekwambia kila kitu. Kisha nikaogopa."

Nelima alitikisa kichwa polepole. Hakuwa na hasira tena, au kama alikuwa nayo, ilikuwa imekaa mbali, kama mvua inayonyesha upande wa pili wa ziwa.

"Sasa utafanya nini?" aliuliza.

"Wanasema Homa Bay kuna mtu anajenga zahanati, anahitaji mchoraji. Labda mwezi ujao. Labda hapana. Sijui. Leo sijui kitu chochote." Alimtazama, na safari hii Nelima hakuhamisha macho. "Sikusimama pale ili unirudie. Nataka ujue hivyo. Ningesimama hata kama hutaki kuniona tena."

"Najua. Ndiyo maana niko hapa."

Mkono wake ulikuwa umelala juu ya zege lenye unyevu. Jua lilipoanza kushuka aliusogeza, kidogo, mpaka kidole chake kidogo kikagusa cha Zadock. Hawakutazamana. Walitazama maji, yaliyokuwa yamegeuka rangi ya shaba, na kwa muda mrefu dunia yote ilikuwa ni pale vidole viwili vilipogusana.

"Sijakusamehe," Nelima alisema.

"Najua."

"Itachukua muda. Nitakusamehe polepole, kidogo kidogo. Una haraka?"

Zadock akageuka, na lile tabasamu la upande mmoja, ambalo Nelima hakuwa ameliona kwa wiki nzima, likaanza kuchomoza.

"Nelima, mimi sina kazi," alisema. "Haraka nitaitoa wapi?"